Jinsi ya kufuta index.dat na mafaili ya histori yanayogoma kwenye Windows XP na Windows 7, mwongozo kamili

Maswali mnayouliza kuhusu hili yanakwama palepale kila siku. Umefuta histori kwenye Internet Explorer, imesema tayari, umefungua tena hakuna kitu, halafu anakuja mtu na kiprogramu chake kwenye flashi anakutolea orodha ya tovuti ulizopita tangu mwaka juzi. Ukilitafuta faili lenyewe, index.dat, ambamo Windows inaandika tovuti ulizopita, ulifute kwa mkono linakujibu "It is being used by another person or program", wakati chumbani uko peke yako na braoza umeifunga.

Huyo "another person" ni wewe mwenyewe. Faili la index.dat linashikwa na Windows muda wote akaunti yako ikiwa wazi, hata kama braoza hujaigusa kabisa, maana Explorer (ile inayokuletea desktopu na mafolda) na Internet Explorer zinatumia mtambo mmoja kwa ndani. Dawa yake ni kutoka kwenye hiyo akaunti, kuzima mashine, na kuingia kwa mlango mwingine. Kazi yote ndio hiyo, yanayofuata ni jinsi ya kufika huko bila kujiharibia vitu.

Mwongozo ni wa Windows XP, Vista na 7. Kama una Windows 10 na kuendelea huu sio wako.

Na kitu kimoja kabla hatujaanza: kompyuta ya ofisi usiiguse bila ruhusa ya mwenye mali, na kama kuna kesi au uchunguzi wowote unaohusu hiyo mashine iache kama ilivyo. Kufuta ushahidi ni kosa lingine tofauti kabisa, usije ukaniambia nilikufundisha mimi.

## Andaa hivi kwanza

- Paswedi ya akaunti yenye haki za administrator. Bila hiyo huendi popote.
- Flashi yenye nafasi, kwa ajili ya bakapu na orodha tutakayoitengeneza.
- Simu ya kusomea huu mwongozo, maana kompyuta utaizima na kuiwasha zaidi ya mara moja.
- Umeme wa uhakika. Laptop chomeka chaja, betri za hizi mashine za zamani tunazijua.
- Karatasi na kalamu ya kuandika njia za mafolda.

Intaneti huihitaji, chomoa waya au zima waifai kabisa. Windows XP iliacha kupata matengenezo ya usalama tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo kuziacha hewani wakati unafungua akaunti mpya zenye haki zote sio busara.

Programu ya kusafisha pia huihitaji. Najua kuna watu watasema "si upakue tu CCleaner umalize", sawa, inafanya kazi, ila hata hiyo toleo lake la 5.33 la mwaka 2017 wadukuzi waliliwekea virusi likiwa kwenye seva za wenyewe. Sasa fikiria vile viprogramu visivyojulikana vinavyokuambia mashine yako ina makosa 1,200 lipia uyaondoe. Kila kitu tunachohitaji kimo ndani ya Windows tayari.

## Hatua ya 1: Jua una Internet Explorer namba ngapi

Fungua Internet Explorer, bonyeza Alt ili menyu itokee, nenda Help halafu About. Angalia namba.

Ukiwa na 9 kushuka chini, histori yako inakaa kwenye mafaili yanayoitwa index.dat. Ukiwa na 10 au 11, inakaa kwenye faili moja kubwa linaitwa WebCacheV01.dat. XP mwisho wake ni IE 8, Vista mwisho 9, na Windows 7 ilitoka kiwandani na 8 ila inapanda mpaka 11.

Usiruke hii. Nusu ya wanaoniambia "index.dat siioni" wana IE 11, wanatafuta kitu ambacho mashine yao ilishaacha kukitumia. Ila kama ilipandishwa kutoka 8 kwenda 11 bado mafaili ya zamani yanaweza kuwa yamebaki pale na histori yake ya zamani ndani, kwa hiyo wewe utafanya yote mawili.

## Hatua ya 2: Bakapu

Kopi folda ya Favorites kwenda kwenye flashi. XP ipo C:\Documents and Settings\jina lako\Favorites, Windows 7 ipo C:\Users\jina lako\Favorites. Kopi na dokumenti zako muhimu, kwa sababu mbele huko kuna amri isiyouliza maswali.

Andika pia paswedi za tovuti ulizozoea braoza ikuingizie yenyewe. Tukifuta kuki (vifaili ambavyo tovuti zinaviacha kwenye mashine yako ili zikukumbuke), kila mahali utaombwa uingie upya.

## Hatua ya 3: Futa kwanza kwa njia ya kawaida

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

inetcpl.cpl

halafu Enter. Kwenye General bonyeza Delete. Sasa hapa kuna mtego, juu kabisa kuna kiboksi kimeandikwa "Preserve Favorites website data" na kinakuja kikiwa na tiki. Kikibaki na tiki, kuki na mafaili ya tovuti zote ulizoziweka Favorites hayafutwi. Toa hiyo tiki, halafu weka tiki kwenye vingine vyote vilivyobaki na ubonyeze Delete.

Kwenye XP yenye IE 6 ni vitufe vitatu, Delete Cookies, Delete Files (weka tiki ya offline content), na Clear History.

Tunaanza na hii kwa sababu inapunguza uchafu mwingi na inasafisha sehemu ambazo tungelazimika kuingia kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kuzifuata, kama zile anuani ulizoziandika kwa mkono juu kwenye braoza. Ila mafaili yenyewe ya index.dat hayaondoki. Rekodi nyingi za ndani yake zinawekwa tu alama kwamba nafasi iko wazi, maandishi yanabaki mpaka kitu kipya kije kiandikwe juu yake, ndio maana kile kiprogramu cha kwenye flashi kikayasoma.

Ukifanikiwa: fungua IE, bonyeza Ctrl na H, orodha iwe tupu.

## Hatua ya 4: Tengeneza orodha ya mafaili

Watu wengi hapa wanaenda Folder Options kuwasha mafaili yaliyofichwa, halafu wanalalamika bado hawaoni. Ni kweli huwezi kuona, kwa sababu ndani ya folda za History na Temporary Internet Files kuna kifaili cha desktop.ini kinachoiambia Explorer ionyeshe picha ya kutengeneza badala ya mafaili halisi. Unaona kalenda ya "Today" na "Last Week", wakati chini yake kuna folda ya History.IE5 ambayo hutaiona kwa kubofya. Kwa hiyo achana na Explorer, tunatumia dirisha jeusi la amri, hilo halidanganywi na desktop.ini.

Windows 7: bonyeza Start, andika cmd, ikitokea bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake uchague "Run as administrator". XP: Start, Run, cmd.

Kwanza jua folda yako inaitwaje hasa:

echo %userprofile%

Andika jibu kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Jina unaloliona ukiwasha kompyuta sio lazima lifanane na la folda. Kompyuta za mtumba hasa, akaunti inaitwa "Mama Junior" lakini folda inaitwa "user" au "admin" ya mwenye mali wa kwanza. Hapa mimi nitatumia asha, wewe weka la kwako.

Chomeka flashi, tuseme imekuja kama E:. Windows 7 andika:

dir "C:\Users\asha\AppData\index.dat" /s /a /b > E:\orodha.txt

XP andika:

dir "C:\Documents and Settings\asha\index.dat" /s /a /b > E:\orodha.txt

Hiyo /s inapekua mafolda yote ya ndani na /a inaleta hata vilivyofichwa. Ukisahau /a utaambiwa "File Not Found" na utafurahi bure.

Ukifanikiwa: fungua orodha.txt kwa Notepad, utakuta mistari kadhaa. Zinazotuhusu ni zenye maneno History.IE5, Content.IE5 na Cookies. Kama kuna nyingine zina jina refu kama MSHist01 likifuatiwa na tarakimu, hizo tarakimu ni tarehe, mwaka mwezi siku ya kuanza na ya kuishia, kwa hiyo MSHist012013050620130513 ni wiki ya tarehe 6 mpaka 13 Mei 2013. Ya kwenye IETldCache iache, hiyo ni orodha tu ya miishio ya majina ya tovuti, haina habari zako.

Na kwenye Windows 7 angalia vizuri zile zenye neno Low. Kuanzia Vista, Internet Explorer ikiwa kwenye Protected Mode inafanyishwa kazi ikiwa na haki ndogo, na vitu vyake inavihifadhi kwenye folda ya pembeni inayoitwa Low. Wengi wanafuta ya kawaida wanaiacha ya Low, ambayo ndiyo imebeba mzigo.

## Hatua ya 5: Fungua akaunti ya pili

Akaunti mpya tunaiita fundi. Kwenye lile dirisha jeusi (Windows 7 lazima liwe la administrator):

net user fundi * /add

Itakuomba paswedi, ukiandika haitaonekana chochote kwenye skrini, ni kawaida, endelea na ubonyeze Enter. Halafu ipe haki za administrator:

net localgroup administrators fundi /add

Ukifanikiwa: mara zote mbili itajibu "The command completed successfully". Ikikuambia "System error 5 has occurred" na "Access is denied" maana yake dirisha hukulifungua kama administrator, rudia.

## Hatua ya 6: Zima uwashe, usibadilishe akaunti tu

Hapa ndipo kazi inapoharibika kwa wengi. Wanabonyeza Switch User, wanaingia kwa fundi, wanajaribu kufuta, faili linagoma, wanasema mwongozo hauna maana.

Switch User inaiacha akaunti ya kwanza wazi kwa nyuma na mafaili yake yote yakiwa yameshikwa vilevile. Log Off nayo kwenye XP huwa inasumbua, wakati mwingine akaunti inatoka lakini bado haijaachia kila kitu. Zima kompyuta kabisa, iwashe, na kitu cha kwanza kuingia kiwe fundi. Ile ya asha usiiguse hata kwa sekunde moja. Kama mashine yako inaingia yenyewe kwa asha bila kuuliza, hapo ikishawaka fanya Restart ukiwa umeshikilia kitufe cha Shift mpaka ukurasa wa kuingia utokee.

## Hatua ya 7: Liangalie kabla ya kulifuta

Unaweza kuiruka hii ila mimi nakushauri usiiruke, ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama kazi imefanyika kweli.

Fungua dirisha jeusi tena kama administrator, andika kwa Windows 7:

notepad "C:\Users\asha\AppData\Local\Microsoft\Windows\History\History.IE5\index.dat"

Kwa XP:

notepad "C:\Documents and Settings\asha\Local Settings\History\History.IE5\index.dat"

Utaona vurugu ya alama zisizosomeka, lakini mstari wa kwanza kabisa umeandikwa "Client UrlCache MMF Ver 5.2". Bonyeza Ctrl na F, tafuta neno Visited. Utaanza kuona vitu kama "Visited: asha@http://" na anuani ya tovuti mbele yake, moja baada ya nyingine, jina la akaunti likiwa limegandamizwa kwenye kila mstari. Ndio hayo anayoyasoma yule mwenye flashi.

Funga, na ikikuuliza ku-save kataa.

Kama Notepad imegoma kulifungua kwa sababu linatumika, basi asha bado yuko ndani. Rudi hatua ya 6.

## Hatua ya 8: Kufuta sasa

Amri tunayotumia ni rd /s /q. Inafuta folda na kila kilichomo, haiulizi, haipeleki Recycle Bin. Kwa hiyo kila njia ya folda ianzie kwanza na dir. Andika dir, bonyeza Enter, angalia kilichokuja ndicho unachokitaka, halafu bonyeza mshale wa juu kwenye kibodi amri irudi, badilisha dir iwe rd /s /q. Alama za kufungua na kufunga nukuu usizisahau hata moja, maana njia hizi zina nafasi katikati ya maneno na ukizisahau Windows inakata jina palepale kwenye nafasi inaanza kusoma kingine.

Windows XP:

rd /s /q "C:\Documents and Settings\asha\Local Settings\History\History.IE5"

rd /s /q "C:\Documents and Settings\asha\Local Settings\Temporary Internet Files\Content.IE5"

del /f /q /a "C:\Documents and Settings\asha\Cookies\*.*"

Vista na Windows 7:

rd /s /q "C:\Users\asha\AppData\Local\Microsoft\Windows\History\History.IE5"

rd /s /q "C:\Users\asha\AppData\Local\Microsoft\Windows\History\Low\History.IE5"

rd /s /q "C:\Users\asha\AppData\Local\Microsoft\Windows\Temporary Internet Files\Content.IE5"

rd /s /q "C:\Users\asha\AppData\Local\Microsoft\Windows\Temporary Internet Files\Low\Content.IE5"

del /f /s /q /a "C:\Users\asha\AppData\Roaming\Microsoft\Windows\Cookies\*.*"

Ukiwa na IE 10 au 11 ongeza na hii:

del /f /q /a "C:\Users\asha\AppData\Local\Microsoft\Windows\WebCache\*.*"

Hapo kwenye WebCache futa vyote kwa pamoja, usichague. Pembeni ya WebCacheV01.dat kuna V01.log na ndugu zake, hizo zinabeba mambo ya karibuni kabla hayajaingia kwenye faili kubwa. Ukifuta kubwa ukaacha hizo umefuta nusu.

Kama folda fulani haipo kwako, utaambiwa haipatikani, sio tatizo, nenda inayofuata. Linganisha na orodha.txt yako ya kwenye flashi, kama kuna njia iko kule na hapa sijaitaja (ukiacha ile ya IETldCache), ifuate hiyohiyo kwa del /f /a.

Ukifanikiwa: amri inamaliza kimya, haikuambii chochote. Rudia ile dir ya hatua ya 4 (ondoa kile kipande cha > E:\orodha.txt ili uone kwenye skrini) na zile za History, Content na Cookies ziwe hazipo.

### Ikigoma

"The process cannot access the file" maana yake faili limeshikwa, asha aliingia. Zima, washa, anza na fundi.

"Access is denied" kwenye Windows 7 karibu mara zote ni dirisha lisilo la administrator.

Ikigoma kabisa kuna mlango wa dharura, huo hauhitaji hata akaunti ya pili. Zima kompyuta, iwashe huku ukigonga F8 mara nyingi kabla nembo ya Windows haijatokea, chagua "Safe Mode with Command Prompt". Mashine itawaka na dirisha jeusi tu bila desktopu, na kwa kuwa Explorer haijawaka ile mikono iliyokuwa inalishika faili haipo. Andika amri zilezile. Ukimaliza andika shutdown /r /t 0 iwake kawaida. Mimi bado napendelea akaunti ya pili kwa sababu unaweza kukagua kwa Notepad kwa utulivu, lakini hii ni nzuri ukiwa umesahau paswedi za watu wengine kwenye mashine.

Ile njia ya kuua explorer.exe kwenye Task Manager inayozunguka mitandaoni nayo inafanya kazi baadhi ya siku, siku nyingine taskhost (sehemu nyingine ya Windows) inabaki imelishika na unabaki na skrini tupu unashangaa.

## Hatua ya 9: Hakikisha

Sasa zima, washa, ingia kama asha. Fungua dirisha jeusi upige ile dir tena, na hapa ndipo simu zinapoanza kuja: "index.dat imerudi!"

Imerudi ndiyo, na itarudi kila mara. Windows haiwezi kukaa bila hilo faili, ikilikosa inatengeneza jipya papo hapo akaunti ikifunguliwa. Cha kuangalia ni ukubwa na tarehe. Jipya lina KB 32 au hata 16, na tarehe yake ni ya leo. La zamani lilikuwa kubwa kuliko hapo na halipungui hata ukifuta histori mara mia kwa njia ya kawaida, linaongezeka tu. Ukiona tarehe ya leo na ukubwa mdogo, umemaliza.

Ukitaka uhakika wa mwisho, zima, ingia kwa fundi, rudia hatua ya 7 utafute Visited. Unaweza kukuta kamstari kamoja au viwili vya vitu ulivyofungua leo, hata dokumenti za kwenye mashine yenyewe kama "file:///C:/", maana Explorer nayo inaandika humo mafaili unayoyafungua. Tovuti za zamani zisiwepo.

## Chrome na Firefox

Hapa ni fupi kwa sababu mafaili yao hayashikwi na Windows, yanashikwa na braoza yenyewe. Ifunge kweli, Chrome inapenda kubaki pembeni ya saa hata ukifunga dirisha, iue kwenye Task Manager.

Chrome ya Windows 7 iko C:\Users\asha\AppData\Local\Google\Chrome\User Data\Default. Humo futa yanayoitwa History, History-journal, Visited Links, Top Sites, Favicons na Shortcuts. Usifute folda nzima kama huna bakapu, humohumo kuna Bookmarks na Login Data ambayo ndiyo paswedi zako. Na kama umeingia na akaunti ya Google na umewasha usawazishaji, futa histori kwenye akaunti pia, la sivyo ukiunganisha intaneti vinashuka vyote tena.

Firefox iko C:\Users\asha\AppData\Roaming\Mozilla\Firefox\Profiles. Faili la places.sqlite lina histori na bookmark pamoja, ukilifuta kwa mkono umekwenda na bookmark. Kwa Firefox tumia menyu yake, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, chagua Everything, inatosha.

## Kama kompyuta unaiuza

Tulichofanya mpaka hapa kinamzuia mtu wa kawaida na viprogramu vya kawaida. Mtu mwenye programu ya kufufua mafaili bado anaweza kuyapata, kwa sababu kufuta kunaondoa jina la faili, data yenyewe inabaki kwenye diski mpaka iandikwe kitu juu yake.

Windows 7 anza na kufuta restore point za zamani, maana zinahifadhi picha ya diski ilivyokuwa. Bofya kulia Computer, Properties, System protection, Configure, halafu Delete. Zima na hibernation (ule usingizi wa mashine unaohifadhi yaliyokuwa wazi kwenye diski):

powercfg -h off

Halafu ukiwa bado administrator:

cipher /w:C:\

Hiyo inajaza nafasi zote tupu za diski mara tatu, kwanza sifuri tupu, kisha moja tupu, kisha namba za kubahatisha. Haigusi mafaili yako yaliyopo. Ipo kwenye Windows 7 na XP Professional. Inachukua masaa, diski kubwa na mashine nzito iache usiku kucha, na ikikuambia diski imejaa wakati inaendelea usishtuke, ndio kazi yake, ikimaliza nafasi inarudi. Kama umeweka SSD (diski mpya isiyozunguka) usiitumie, itaila diski maisha yake bila kukuhakikishia kitu.

Ila kusema ukweli, kama unaiuza kwa mtu usiyemjua, hamisha vitu vyako, piga hiyo cipher, halafu format diski yote na uweke Windows upya. Kukaa kusafisha folda moja moja kwenye mashine inayoondoka ni kujitesa.

## Kumalizia

Ingia kama asha baada ya kuzima na kuwasha, nenda Control Panel, User Accounts, chagua fundi, Delete the account, na ikikuuliza kuhusu mafaili yake chagua "Delete Files". Usiiache ikizubaa, ni akaunti yenye haki zote na pengine umeipa paswedi ya haraka haraka.

Halafu rudi inetcpl.cpl, General, Settings ya Browsing history, weka "Days to keep pages in history" iwe 0. Kisha Advanced, shuka mpaka sehemu ya Security, weka tiki "Empty Temporary Internet Files folder when browser is closed". Kama una IE 8 kwenda juu na kuna siku hutaki kuacha chochote, bonyeza Ctrl, Shift na P kabla hujaanza kuperuzi, litafunguka dirisha la InPrivate.